Ndiyo ya Mgonjwa

*Kumfuata tabibu chumba hata chumba, kabla ya kuomba nafasi ya kusomea udaktari, ni desturi iliyokita mizizi Marekani, na siku hizi imevuka bahari ikaingia katika wodi zetu. Kisomo hiki hulipiwa na nani?*

Na Mwandishi Wetu

Katika jiko la nyumba moja ya kupanga mjini Lexington, jimbo la Kentucky, juu ya meza iliyokuwa na sahani ya maandazi na chupa ya chai, binti wa miaka ishirini na mmoja alifunua daftari lake la jalada jeusi, akaligeuza upande wangu nisome mwenyewe. Kila ukurasa ulikuwa umepigwa mistari kwa rula, na juu ya mistari yaliandikwa maneno manne: tarehe, tabibu, saa, niliyoyaona. Safu ya saa ilikuwa imejaa wino wa buluu, mbili na nusu, nne, moja na robo. Safu ya niliyoyaona ilikuwa na maneno machache mno, kwa kuwa jina la mgonjwa haliandikwi, wala umri wake, wala mtaa wake, wala jambo lolote ambalo jirani akiliokota daftari njiani angeweza kumtambua mtu kwalo.

Binti huyu, aliyeniomba nimstiri jina, alizaliwa katika kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, kwa wazazi waliokimbia vita upande wa Fizi, nchini Kongo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Alifika Marekani akiwa na miaka minane. Kiswahili ndicho kinachosemwa nyumbani kwao, wala si kwao peke yao, maana katika shule za Lexington lugha yetu ni miongoni mwa zile zinazosemwa na watoto wengi zaidi baada ya Kiingereza na Kispania.

Sasa yumo chuo kikuu, mwaka wa tatu, na anataka kuomba nafasi katika chuo cha tiba. Kufaulu masomo hakumtoshi. Imempasa pia apate tabibu mmoja au wawili watakaokubali kufuatwa naye, aingie waingiapo, akae pembeni, atazame, anyamaze, na mwisho wa siku ahesabu saa.

Wamarekani huliita jambo hilo kwa neno lenye maana ya kuwa kivuli cha mtu. Kulitafsiri vivi hivi ni kulichafua, kwa sababu kwetu sisi anayemfuata mtu kama kivuli aghalabu ni jasusi au mdai. Neno la kale lililo karibu ni uanagenzi. Lakini mwanagenzi wa seremala hushika randa, na wa mshona viatu hushika uzi na nta, ilhali huyu wa tabibu haruhusiwi kushika kitu. Kwa hiyo nitasema kumfuata tabibu, na msomaji aliye na neno bora namwomba aniletee.

Kiti cha pembeni

Siku aliyotaka kunisimulia ilikuwa ya tano katika daftari. Tabibu wake, mama wa makamo mwenye kutibu watu wa rika zote katika kliniki ya mtaani, alikuwa na mgonjwa bibi mmoja mtu wa Kongo. Na kwa kuwa tabibu hajui Kiswahili, aliletewa mkalimani wa mbali, ambaye uso wake huonekana katika kioo cha tableti kilichofungwa juu ya mlingoti wenye magurudumu, mfano wa stendi ya dripu. Mkalimani alikuwa mtu wa Mombasa, kwa lafudhi yake.

Tabibu aliingia na binti nyuma yake. Akasalimu, akanawa mikono, akasema kwa kinywa cha mkalimani kwamba leo amefuatana na mwanafunzi, je, mwanafunzi huyo aweza kubaki? Bibi akamtazama tabibu, akautazama uso uliomo kiooni, kisha akamtazama binti kwa muda uliozidi kidogo ule wa kuwatazama wale wawili.

"Ndiyo," akasema.

Halafu, kwa sauti ya chini iliyompita mkalimani, akamwuliza binti: "Wewe si mutoto wa ule mama wa kwaya?" Binti, aliyekwisha onywa kwamba kiti cha pembeni hakina ulimi, aliitikia kwa kichwa.

Bibi akasema goti linamuuma. Tabibu alilikunja goti, akalikunjua, akalifunika kwa kiganja kusikia kama linasaga, akaandika dawa ya kupaka na mazoezi ya kufanya kitandani asubuhi. Bibi akashuka, akachukua mkoba wake, akashukuru. Alipofika mlangoni alisimama kama mtu aliyesahau kitu, kisha akatoka.

Binti aliandika: goti, nusu saa. Usiku, akiwa kitandani, ndipo alipokumbuka kwamba bibi yule hupanda ngazi za kanisa kila Jumapili bila ya kushika ukingo.

Tangu hapo hana shaka kwamba bibi alikuja na neno jingine, akalikuta limekalishwa mbele ya mtoto wa jirani, akalirudisha nyumbani. Ndiyo ile haikuwa ya ridhaa. Ilikuwa ya adabu. Mtu aliyekula miaka mingi kwa foleni na kadi ya mgao hajifunzi kumwambia mwenye meza hapana. Na tabibu, kwa nia safi kabisa, alikuwa amedhani kwamba kumwekea bibi mtu wa lugha yake chumbani ni fadhila.

> "Kiti cha pembeni hakina ulimi, lakini kina macho, na macho hayo ni ya mtoto wa jirani."

Desturi ilikotoka

Zamani, kabla vyuo vya tiba havijashika nguvu katika Marekani, kijana aliyetaka udaktari alikwenda kukaa na daktari, mara nyingi kwa muda wa miaka mitatu hivi. Akimsagia dawa, akimtandikia farasi, akisoma vitabu vichache vilivyokuwamo nyumbani mwa bwana wake, na kufuatana naye usiku wa manane kwenda kuzalisha mashambani. Uanagenzi huo ulikuwa na ubora uleule wa bwana: mwenye bwana hodari alikuwa hodari, na mwenye bwana mlevi alijifunza kusaga dawa.

Chuo cha tiba cha Johns Hopkins kilipofunguliwa mjini Baltimore mwaka 1893, daktari William Osler aliwatoa wanafunzi katika ukumbi wa mihadhara akawaleta kitandani pa mgonjwa. Na katika mambo yote aliyofanya, ambayo si haba, hilo la kufundisha wodini ndilo alilotaka akumbukwe kwalo kaburini. Mwaka 1910 ikatoka ripoti ya Abraham Flexner, mwalimu wa shule asiyepata kusomea udaktari, mzaliwa wa Louisville, mji usiofika mwendo wa saa mbili kwa gari kutoka katika lile jiko la maandazi. Ripoti hiyo ilisaidia kufunga vyuo vingi vibovu, na kwa dharuba hiyohiyo ikawafungia mlango watu weusi, maana katika vyuo vyao saba vya tiba vilivyokuwapo vilisalia viwili tu, Howard na Meharry.

Tangu hapo mafunzo ya kitandani yamo ndani ya chuo, baada ya kuingia. Swali likabaki mlangoni: kijana ambaye hajapata kuona kazi hii ilivyo atajuaje kwamba ndiyo anayoitaka? Hapo ndipo kumfuata tabibu kulipopata nguvu.

Leo fomu ya maombi inayosimamiwa na Jumuiya ya Vyuo vya Tiba vya Marekani ina nafasi 15 za mwombaji kueleza shughuli zake, na miongoni mwa aina za shughuli zilizotajwa humo iko hii ya kumfuata tabibu. Katika mwaka wa masomo wa 2024 waombaji walikaribia 52,000, na walioingia walizidi kidogo 23,000. Karibu wote wamefanya mtihani mmoja wa saa saba na nusu pamoja na mapumziko, na wengi wana alama nzuri. Basi linalowatenga huyu na yule hutafutwa katika zile nafasi 15.

Hakuna sheria ya taifa zima inayotaja ni saa ngapi zinatosha. Vijana hunong'onezana: arobaini, hamsini, mia. Na kitu kikikosa kipimo hupimwa kwa wingi, ndiyo sababu nimeona daftari lenye hesabu za robo saa, mithili ya kibarua anayengoja mshahara wa wiki.

Kufika kwenyewe si kwepesi. Hospitali hudai kipimo cha kifua kikuu, vyeti vya chanjo za surua, tetekuwanga na mafua, na saini chini ya kiapo cha kutunza siri za wagonjwa kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1996. Mwaka 2020 ulipoingia uviko, milango yote ilifungwa, na vijana wakawa wanamfuata tabibu katika skrini, kila mmoja chumbani kwake; jambo ambalo, kwa maoni yangu, lilikuwa sawa na kujifunza kuogelea kwa kutazama picha ya bahari.

Mwenye mjomba na asiye naye

Mtoto wa daktari halioni jambo hili kuwa gumu. Baba humpigia rafiki yake simu kabla ya chakula cha jioni, na wiki inayofuata kijana amekwisha vaa beji. Uchunguzi wa Jumuiya ileile ya Vyuo vya Tiba umeonyesha kwamba, kwa kipindi cha takriban miaka thelathini, karibu robo tatu ya wanafunzi wa udaktari Marekani wametoka katika sehemu mbili za juu za jamii, pale watu wote wanapogawanywa mafungu matano kwa kipato. Kumfuata tabibu siko kulikoyaleta hayo peke yake, lakini hakukuyapunguza.

Binti wa daftari jeusi aliandika barua zaidi ya ishirini kwa matabibu asiowajua. Wawili walimjibu: mmoja kumwambia kwamba kliniki yake haipokei wageni, wa pili ni yule mama.

Na hapa pana kichekesho ambacho yeye mwenyewe alinisimulia bila ya kucheka. Tangu akiwa na miaka tisa amekuwa akiingia katika vyumba vya matabibu, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa mkalimani wa mama yake, na wa shangazi yake, na wa jirani wawili watatu wasiojua Kiingereza. Ni yeye aliyemweleza mama yake kwamba ana presha, ni yeye aliyeambiwa maneno yahusuyo figo, hali ya kuwa hakulijua neno figo katika lugha hii wala ile, akamwonyesha mama kwa mkono mahali alipoonyesha daktari, akasema, "Kitu cha hapa nyuma, mama, kimechoka."

Kanuni ya serikali iliyotoka mwaka 2016 ilizuia hospitali kuwatumia watoto wadogo kwa ukalimani isipokuwa kwa dharura. Ilikuja akiwa amekwisha tafsiri ujauzito wa shangazi mmoja, na kuharibika kwake.

"Nilikuwa ndani miaka yote ile," akaniambia, "tena nikisema. Sasa naandika barua niruhusiwe kuingia ninyamaze." Saa zile hazikuandikwa popote. Hakuwa na daftari.

Nilizungumza na tabibu mmoja mstaafu wa mji huohuo, ambaye katika umri wake alikwisha kufuatwa na vijana wengi hata hawakumbuki. Yeye haoni kwamba vijana hao hujifunza utabibu, wala hatarajii. Anataka waone uchovu: fomu za bima, kompyuta inayokula nusu ya mazungumzo, simu ya dakika ishirini kuomba ruhusa ya dawa moja, mgonjwa anayerudi na ugonjwa uleule kwa sababu ileile. Kijana mmoja, alinieleza, alimshukuru sana siku ya tatu akaenda kusomea uhandisi, na mzee huyo humtaja kwa fahari kuliko wengi waliokuwa madaktari.

Hoja hiyo ina uzito, nami naikubali. Isipokuwa kwamba uchovu huo huonekana vilevile, na kwa ujira, katika nyumba za kulelea wazee. Binti yetu hufanya kazi huko mwishoni mwa juma, akiwageuza wazee kitandani wasipate vidonda, akiwaosha, akiwalisha. Kazi hiyo nayo ina nafasi yake katika fomu. Nilipomwuliza ni wapi alikojifunza zaidi hakufikiri hata kidogo: alijifunza kwa bwana mmoja mzee aliyekuwa akimtukana kila asubuhi alipokuja kumwosha, mpaka siku alipobisha hodi na kungoja aitikiwe.

Ndege ya Kilimanjaro

Wako wasiopata mlango kwao, na wako walioupata wakataka zaidi. Kwa ajili ya wote hao imezuka biashara ya kuwaleta Afrika. Kampuni za nje hutangaza majuma mawili, manne au sita katika hospitali za Arusha, Moshi, Unguja au Mombasa, kwa dola elfu kadhaa, na Jumamosi iliyobaki wazi kijana hupelekwa Ngorongoro akaone faru.

Asubuhi moja nilikaa katika benchi la hospitali ya kaskazini mwa Tanzania, ambayo sitaitaja kwa sababu nilikuwa nimempeleka jamaa yangu wala sikwenda kuipeleleza. Kina mama walikuwa wamejipanga ukutani, khanga zimewafunika watoto, kadi za kliniki mkononi. Lilisimama gari aina ya Noah likawashusha vijana sita wa Kizungu waliovaa sare za chumba cha upasuaji, mpya, zenye mikunjo ya dukani bado, na kila mmoja ana kifaa cha kusikilizia moyo shingoni. Bibi aliyekaa kando yangu alijivuta kidogo kuwapisha, akasema kwa shukrani ya kweli: "Alhamdulillahi, leo madaktari wengi."

Hawakuwa madaktari. Wawili kati yao, kama nilivyopata kujua baadaye walipokuwa wakinunua maji dukani, walikuwa hata mwaka wa pili wa chuo hawajaumaliza.

Muuguzi mmoja wa muda mrefu, ambaye naye nimemwahidi sitara, alinieleza jinsi mambo yanavyokwenda wodini. Daktari huingia na kundi lake, akasema: "Mama, leo tuna wageni wetu." Muuguzi akanitazama aone kama nimeelewa. Hapo hapana swali. Na mama, hata akiwa katika uchungu, hata akiwa hana alichojifunika ila shuka fupi, hujibu kwa neno alilofundishwa tangu utotoni kwamba mgeni hanyimwi.

> "Yule wa Kentucky alisema ndiyo. Wa kwetu husema karibuni, na karibuni ni nzito zaidi kuikataa."

Kwamba wageni hao hutazama tu si neno la kuaminika siku zote. Kijana ambaye kwao haruhusiwi kushika hata kipimajoto, huku wakati mwingine hupewa glavu. Jumuiya ya Vyuo vya Tiba vya Marekani yenyewe, mwaka 2011, ilitoa mwongozo wa kuwaonya vijana wanaokwenda ng'ambo wasithubutu kumtendea mgonjwa jambo wasilofunzwa, na kuwajulisha kwamba kisa cha namna hiyo, kikiandikwa kwa majivuno katika maombi, chaweza kuwa sababu ya kukataliwa. Huku nako anayesajili matabibu ni Baraza la Madaktari Tanganyika, na mwanafunzi wa likizo hayumo katika daftari lake.

Insafu inanilazimu kuandika upande wa pili. Daktari mmoja kijana anayewapokea wageni hao aliniuliza, kwa ukali kiasi, kama nimepata kuhesabu glavu zinazokwisha katika zamu moja ya usiku, na kama najua fedha za wageni zimenunua nini. Akaniongoza mwenyewe kunionyesha: mapazia. Wodi ya kina mama ilikuwa na vitanda vilivyotazamana bila ya kizuizi; sasa baina ya kitanda na kitanda pana reli na pazia la kijani. "Bila wao," akasema, "sitara hii isingekuwapo."

Nililishika pazia lile kwa vidole, kitambaa kizuri, kizito. Sikuweza kuamua, na hadi leo sijaamua, hesabu yake iandikwe vipi: kwamba mama amenunuliwa pazia kwa kufunuliwa.

Daktari huyo anao wageni awapendao pia. Asemapo kwamba mwanafunzi aliyesimama nyuma yake, mikono mfukoni, humfanya aeleze kwa sauti mambo ambayo angeyafanya kwa mazoea, namsadiki. Mwalimu yeyote anajua kwamba kusema mbele ya mjinga mwenye hamu ni kusoma upya. Anachokataa ni glavu. Huzifungia kabatini wakija.

Kijana wa jirani

Wakati haya yakiendelea, mtoto wa Tanzania huingia katika udaktari kwa njia nyingine kabisa. Husoma Fizikia, Kemia na Baiolojia, hufanya mtihani wa kidato cha sita mwezi Mei, na akipata alama zitakiwazo huomba chuo, kwa taratibu za Tume ya Vyuo Vikuu. Akichaguliwa husoma miaka mitano, Muhimbili, ambako udaktari umefundishwa tangu mwaka 1963, au kwingineko, kisha mwaka mmoja wa mazoezi ya kazi. Kenya husoma sita. Hapana mahali anapoulizwa kama amepata kuona wodi.

Njia hii ina heri yake, wala tusiidharau kwa kuwa ni yetu. Mtoto wa mkulima wa Kasulu aliyefaulu hahitaji mjomba, wala barua ishirini, wala Jumamosi ya kujitolea ambayo angepaswa kuwa shambani. Hilo ni adili ambalo Marekani hawajalipata.

Lakini wapo wanaogundua mwaka wa kwanza, mbele ya maiti iliyolazwa juu ya meza ya chuma, kwamba walichokipenda ni alama za Baiolojia. Wachache huthubutu kuondoka. Ukoo mzima umekwisha waita daktari.

Kijana mmoja aliyemaliza kidato cha sita, mkazi wa mtaa unaopakana na hospitali ileile ya mapazia, alikwenda getini akiwa na barua ya mkuu wa shule kuomba awe anamfuata daktari kwa wiki mbili, akingoja matokeo. Askari alimrudisha. Hakuwa mkorofi, kijana alisema, aliuliza tu, "Umelipia wapi?" Pale getini ndipo Noah lilipokuwa likipita.

Wazee wetu wanawakumbuka madresa, wale wasaidizi wa zahanati za enzi ya mkoloni waliojifunza kazi kwa kusimama kiwikoni pa daktari, wakafunga vidonda vya vijiji vizima. Kutazama kwanza si jambo geni kwetu. Wakati ungalipo pia, kati ya Mei na kufunguliwa kwa vyuo, ingawa baadhi yao huitwa jeshini kwa mujibu wa sheria. Kinachokosekana ni mtu wa kuwafungulia geti, na kabla ya huyo, mtu wa kumwuliza mgonjwa vizuri.

Mstari usio na saa

Nilikuwa nimekwisha funga kalamu nilipomwuliza binti wa Lexington kama alimwona tena yule bibi.

Alimwona. Majuma matatu baadaye jina lake lilirudi katika orodha ya siku. Binti alimwendea tabibu kabla ya kazi kuanza akamwomba jambo moja: kwamba bibi aulizwe yeye akiwa nje, mlango umefungwa, na aulizwe kwa namna itakayoifanya hapana iwe nyepesi kutamkika. Tabibu alifikiri kidogo. Hakuna mwanafunzi aliyepata kumwomba hivyo. Akasukuma ule mlingoti wa mkalimani akaingia peke yake.

Alichosema humo ni hiki, kwa kadiri tabibu alivyomweleza baadaye: yuko mwanafunzi nje, na kama bibi angependa leo wawe wawili tu, basi mwanafunzi atabaki hukohuko, wala hapana atakayekasirika.

Mlango ulifunguka nusu, tabibu akatoa kichwa, akakitikisa. Binti akaketi katika kiti cha plastiki ukumbini. Dakika arobaini zilipita. Mara moja tabibu alitoka, akachukua boksi la shashi juu ya kaunta, akarudi ndani upesi.

Bibi alipotoka alimkuta pale pale. Alisimama, akamshika kidevu kama anavyoshikwa mtoto. "Salimia mama," akamwambia, akaenda zake kituoni.

Binti alilivuta daftari, akanionyesha mstari wa siku hiyo. Tarehe ilikuwapo, na jina la tabibu. Katika safu ya saa alikuwa amepiga kistari. Katika safu ya niliyoyaona aliandika neno moja: mlango.